Miezi 14, hajatembea, na nje kuna baridi: tutoke vipi Hamburg?

Swali: Shikamoo dada. Naishi Hamburg, mtaa wa Wilhelmsburg. Nilitoka Tanga kumfuata mume wangu, na mtoto wetu amezaliwa hapahapa. Sasa ana miezi 14. Anasimama akishika kochi na kulizunguka lote, ila hajapiga hatua peke yake. Mtoto wa wifi yangu kule nyumbani alitembea na miezi 10, na mama mkwe anasema wa kwangu amechelewa kwa sababu namfungia ndani. Ni kweli hatutoki sana. Mume wangu anafanya kazi za zamu, nje baridi, nami sijui pa kumpeleka mtoto mdogo hivi. Maneno yake ni "mama", "maji" na "taa". Jirani ananishauri niache Kiswahili nimsemeshe Kijerumani tu, asije akachelewa kuongea. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mtoto wa miezi 14 anayesimama kwa kushika na kulizunguka kochi hajachelewa. Hiyo ndiyo hatua inayotangulia kutembea, na wengine hukaa nayo wiki chache, wengine miezi kadhaa.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi 5, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vyake. Wa mapema kabisa walitembea peke yao wakiwa na miezi 8 na siku kidogo. Wa mwisho walifika miezi 17 na nusu. Wote hao walikuwa watoto wazima, waliolishwa vizuri, wasio na ugonjwa. Wastani ulikuwa miezi 12, na hapo ndipo wazazi wengi wanapojiumiza, kwa sababu wanaushika wastani kana kwamba ni tarehe ya mwisho. Katika watoto hao hao, karibu 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, wakatembea vilevile.

Mama mkwe wako naye usimpuuze, maana kuna kitu anakiona. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alichunguza watoto wa Wakipsigis huko Kenya, akakuta wanakaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kama mwezi mmoja hivi. Kwenye kutambaa hawakuwazidi. Sababu aliiona kwenye malezi: watu wazima walikuwa wanamfundisha mtoto kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku, lakini kutambaa hakuna aliyemfundisha. Na kwetu pwani ni hivyohivyo. Mtoto anasimamishwa dede na shangazi, anapokewa na bibi, dada mkubwa anamshika mikono anamvusha ua, na kila akidondoka kuna mtu wa kumwinua na kumshangilia. Mtoto wa wifi yako ana mikono kumi inayomtembeza kutwa. Wako ana miwili yako, na ya baba yake akitoka zamu. Sehemu ya tofauti yao inaweza kutoka hapo, na haisemi chochote kuhusu akili yake wala miguu yake.

Kwa hiyo mama mkwe amekosea kwenye neno "amechelewa", lakini kwenye hilo la kufungiwa ndani, mimi niko upande wake. Nitalirudia. Kwanza nikupe dalili ambazo ukiziona usizichukulie poa.

Akifika miezi 18 hajatembea peke yake, aonwe na daktari. Vilevile kama mguu mmoja au mkono mmoja hautumii kama mwenzake, kama anatembelea ncha za vidole muda wote, kama haonyeshi kitu kwa kidole wala hageuki akiitwa jina, au kama kitu alichokuwa anakiweza amekiacha. Hilo la mwisho halisubiri umri wowote. Na hapa kuna mtego wa mfumo wa Ujerumani ambao wazazi wageni hawaambiwi. Ile U6 mliyofanya, yaani uchunguzi wa sita wa afya ya mtoto, hufanyika kati ya miezi 10 na 12. Inayofuata, U7, ni miezi 21 hadi 24. Katikati kuna karibu mwaka mzima bila miadi yoyote kwenye daftari la njano la uchunguzi huo, na ndicho kipindi ambacho watoto wengi hutembea na kuanza kuongea. Usikae unasubiri U7. Una haki ya kupiga simu kliniki ya daktari wa watoto wakati wowote, na bima yenu inalipa. Hamburg pia kuna Mütterberatung, huduma ya bure iliyo chini ya idara ya afya ya wilaya: unakwenda na mtoto, anapimwa uzito, unaongea na muuguzi wa watoto bila haraka. Wengi wetu tunaogopa neno "idara". Huyo muuguzi yupo kwa ajili ya maswali kama haya yako.

Nyumbani, mpe sakafu. Peku, au soksi zenye mpira chini kama sakafu ni baridi. Viatu ni vya nje, tena baada ya kuanza kutembea nje. Panga kochi, kiti na kasha la vitu vyake viachane kidogo, kiasi kwamba kutoka kimoja kwenda kingine inambidi aachie mkono mmoja na kunyoosha mwingine. Kila siku mbili tatu ongeza upana wa kiganja. Na mtu akitaka kuwazawadia kile kigari cha kukalia chenye magurudumu, ambacho mtoto anakisukuma kwa vidole vya miguu, mshukuru na ukatae. Hakiharakishi kutembea, na watoto wameporomoka nacho kwenye ngazi wakaumia kichwa. Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004, na madaktari wa watoto wa hapa wanataka Ujerumani ifuate mkondo huo.

Sasa nje.

Wazazi wengi wakisikia "mtembeze mtoto" wanafikiria safari: tiketi, begi, chakula, siku nzima. Kwa umri huu sivyo. Mtoto wa miezi 14 anahitaji kutoka kila siku, karibu na nyumbani, kwa muda mfupi, na mahali pale pale. Kwako mahali hapo ni Inselpark. Bustani ile ilitengenezwa kwa maonyesho ya bustani ya mwaka 2013, sasa iko wazi kwa wote bila kiingilio, ina viwanja vya watoto, mifereji ya maji, bata, na njia pana za kigari. Nenda asubuhi baada ya chai, kabla hajalala usingizi wa mchana. Desemba jua la Hamburg linazama saa kumi jioni, kwa hiyo ukisema utatoka mchana akiamka, utakuta giza.

Mtoe kwenye kigari. Nasisitiza hili kwa sababu naona watoto wengi wanazungushwa bustani nzima wamefungwa mkanda, wanarudi nyumbani hawajagusa kitu. Msimamishe kwenye ukingo wa sanduku la mchanga, au kwenye kile kibao cha kukalia kinachomfika kifuani. Atatembea pembeni pembeni kama anavyofanya kwenye kochi, ila sasa chini pana majani makavu, kokoto, mteremko kidogo. Mguu unajifunza kitu ambacho zulia haliwezi kuufundisha. Akitaka kukaa robo saa nzima akihamisha kokoto kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, mwache. Hiyo ndiyo matembezi yenyewe.

Kuhusu baridi, usiipime kwa mikono yake. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Pitisha vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya kola: pakiwa na joto kavu, yuko sawa, pakiwa na jasho, umemzidishia, pakiwa baridi, ongeza au mrudi ndani. Mvalishe tabaka juu ya tabaka. Karibu na ngozi fulana ya sufu laini au pamba, kisha sweta, kisha ovaroli isiyopitisha upepo wala maji. Ile ovaroli ya mpira ya mvua, ambayo Wajerumani huita Matschhose, nunua hata ya mtumba. Masoko ya vitu vya watoto yanayofanyika kwenye Kita, yaani vituo vya kulelea watoto wadogo, na makanisa, hasa majira ya kuchipua na ya vuli, yamejaa nguo ambazo mtoto wa mtu alizivaa miezi minne tu. Usoni mpake mafuta yasiyo na maji ndani yake, kwa sababu losheni ya majimaji haimkingi na baridi kali. Mvua ya Hamburg haiui, na sifuri si sababu ya kubaki ndani. Ikishuka kwenye 10 chini ya sifuri, bakini nyumbani, ingawa hapa ni nadra.

Mbeleko yako ya Tanga ina kazi huku pia. Mfunge mgongoni au kifuani, koti lako kubwa lipite juu yenu wote wawili, kichwa chake kiwe nje. Kumbuka tu kwamba aliyebebwa hajitembezi, kwa hiyo miguu yake ndiyo inayopoa kwanza: mvalishe soksi mbili za sufu. Mkipanda gari la mtu, ovaroli nene ivuliwe kabla ya kufunga mkanda wa kiti chake, kwa sababu kwenye ajali ule unene unabonyea na mkanda unabaki mlegevu. Mfunge kwanza, kisha mfunike na blanketi. Na kiti cha mtoto ni lazima kisheria, hata kama gari ni la rafiki na safari ni ya dakika tano.

Mume akipata siku ya mapumziko, nendeni mtoni. Hii ndiyo safari ninayowapendekezea watu wa pwani kuliko zote. Pandeni S3 kutoka Wilhelmsburg mpaka Landungsbrücken, mshuke kwenye gati, muingie kivuko namba 62 kinachokwenda Finkenwerder. Ni usafiri wa kawaida wa mji, tiketi yenu ya treni inafanya kazi, na mtoto aliye chini ya miaka 6 halipi. Angalia lifti za kituo kabla hamjatoka, maana ikiharibika mtabeba kigari nyie wawili. Kaeni ndani chini, si juu kwenye upepo. Shukeni Neumühlen/Övelgönne, mtembee kidogo mpaka ufukweni. Ni mchanga wa kweli, na mbele yenu zinapita meli za makontena zinazoingia bandarini, kubwa kiasi kwamba mtoto ataacha alichoshika na kutazama.

Kigari kiacheni mchanga unapoanza. Kwa mtoto anayejifunza kusimama, mchanga ni mwalimu mzuri: unazama kidogo, unamlazimisha kukaza miguu, na akianguka hakuna kilichoumia. Tafuteni gogo lililoletwa na maji, mwekeni alishike. Baba akae upande mmoja kwa umbali wa hatua moja, wewe upande wa pili, msimvute. Mtoto anayeachia gogo kwa hiari yake amejifunza zaidi ya anayeburutwa kwa mikono miwili juu.

Lakini nyie mmezaliwa baharini, kwa hiyo hili mtalielewa upesi. Mto Elbe hapa hupwa na kujaa kama bahari, na tofauti ya maji inapita mita 3. Juu yake ongeza mawimbi ya meli. Meli inapita, maji yanavutwa nyuma kimya, kisha yanarudi kwa nguvu na kupanda ufukweni baada ya meli yenyewe kwenda zake. Mtoto asichezee ukingoni mwa maji hata siku ya joto, na asiogeshwe humo.

Mtaambiwa na wengi mwende Hagenbeck, bustani ya wanyama iliyofunguliwa Stellingen mwaka 1907. Watoto wakubwa wanaipenda. Kwa mtoto wa miezi 14 haina haja mlipe kiingilio chake, maana mtoto atamtazama njiwa aliye mita moja kuliko tembo aliye mbali. Na tangu miaka ya 1870 Carl Hagenbeck alifanya biashara ya kuwaonyesha binadamu, wakiwemo watu walioletwa kutoka Sudan, mbele ya watazamaji wa Ulaya waliolipa kiingilio. Kwenda au kutokwenda ni uamuzi wa kila familia, ila naona wazazi wetu walijue hilo kabla ya kununua tiketi. Niendorfer Gehege ina kulungu na msitu, na ni bure. Planten un Blomen, pale karibu na kituo cha Dammtor, nayo ni bure na ina kiwanja kikubwa cha watoto.

Siku za mvua ya upepo nendeni maktaba. Bücherhallen, maktaba za umma za hapa, zina kona za watoto wadogo zenye mazulia, na hakuna anayekulipisha kuingia na kukaa. Hamburg ina mpango wa Buchstart unaowapa watoto mfuko wa vitabu kwenye U6. Kama hukuupata, muulize daktari. Mpango huohuo una vikundi vya bure viitwavyo Gedichte für Wichte, ambapo wazazi na watoto walio chini ya miaka 3 wanakaa chini na kuimba vishairi vifupi vya vidole na mikono. Ukiwa hujui Kijerumani vizuri hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu kila wiki wanarudia yaleyale. Kuna pia Elternschule, vituo vya wazazi wenye watoto wadogo, kwenye mitaa, na vilabu vya mazoezi vina saa za mzazi na mtoto ambapo ukumbi unajazwa magodoro, ngazi ndogo na vichuguu vya kupenya.

Kwenye vikundi hivyo na kwenye viwanja, usivunjike moyo siku ya kwanza. Wenyeji wa Hamburg hawaanzi mazungumzo na mtu wasiyemjua. Nenda siku ileile, saa ileile, wakuone tena na tena, na atajitokeza mmoja atakayekuuliza mtoto ana umri gani. Ndoo na vijiko vya mchanga viandike jina. Watoto watachukuliana, wazazi wataingilia kwa upole, na hakuna aliyekukosea adabu. Nakwambia haya kwa sababu naona kwenye barua yako kwamba aliyefungiwa ndani si mtoto peke yake. Ukitoka wewe, atatoka.

Sasa Kiswahili. Usikiache. Jirani ana nia njema, lakini lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Anachohitaji ni mtu anayemsemesha kwa wingi, kwa raha, kwa lugha anayoimiliki: kumbembeleza, kumtania, kumkanya, kumsimulia. Ukimsemesha kwa Kijerumani cha kubahatisha utamsemesha kidogo, na hicho ndicho kitakachomchelewesha. "Mama", "maji" na "taa" ni maneno matatu halisi kwa umri huu, tena anayatumia mahali pake. Kwenye U7 daktari atauliza kuhusu msamiati, na kipimo kinachotumika sana ni maneno kama 50 pamoja na kuunganisha mawili akifika miaka 2. Hesabu ya mtoto wa lugha mbili ni ya lugha zote kwa pamoja. Andika maneno yake kwenye karatasi, pamoja na maana, uende nayo. Usiache "nyonyo" wala "chuchu" wala "mau" ya paka, yote ni maneno. Kijerumani atakipata kwenye Kita. Akishafikisha mwaka mmoja ana haki ya nafasi kisheria, na Hamburg inagharamia saa 5 kwa siku pamoja na chakula cha mchana kupitia Kita-Gutschein, yaani vocha ya nafasi ya Kita. Ombeni mapema.

Mambo madogo yaliyobaki. Matone au vidonge vya vitamini D msiache majira haya ya baridi: ushauri wa hapa ni kuendelea mpaka kiangazi cha pili cha maisha yake kianze, na kwa ngozi yetu chini ya jua hili hafifu ni muhimu zaidi. Kama ana mabaka ya bluu kijivu mgongoni au matakoni tangu kuzaliwa, mwambie daktari ayaandike kwenye daftari la njano, ili mlezi wa Kita asije akadhani amepigwa. Begi la matembezi lisiwe na karanga wala zabibu nzima. Karanga za kukaanga ni zetu, lakini kwa mtoto wa umri huu zinaweza kuingia njia ya hewa. Ndizi na mkate vinatosha. Kuanzia majira ya kuchipua, mkirudi kutoka kwenye majani, mkague kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja.

Mama mkwe mpe kazi, usimpe maelezo. Madaktari wa watoto wa hapa wanashauri mtoto asiwekwe mbele ya skrini kabla ya miaka 3, lakini kuongea na bibi kwa video mimi nalitenga na hilo. Mpigie mtoto akiwa amesimama kwenye kochi, simu iegemee upande wa pili, kisha mwambie bibi amwite na kumwimbia dede. Yeye ndiye anayejua kuimba ile nyimbo yote, na mtoto ana sababu ya kuvuka.